Macho ya Kuukeni

Tinga alikuwa akichomelea mlango wa kontena katika yadi moja ya Changamwe alipoliona lile doa. Alidhani ni mwanga wa moto uliomchoma jicho. Akavua miwani ya kazi, akapangusa uso kwa fulana, akatazama tena. Doa lilikuwa palepale katikati, na kila alipohamisha jicho, nalo lilihama. Hakusikia maumivu yoyote. Alimaliza zamu, akarudi nyumbani Mikindani, akala, akalala. Mwezi haukwisha ila jicho la kushoto lilikuwa halitambui sura ya mtu. Kufika Pasaka, la kulia likafuata. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu.

Hospitalini jamaa zake waliambiwa mishipa ya macho imekauka, basi. Ndugu za baba yake wakaja kutoka Rabai, wakakaa kikao sebuleni. Walizungumza kwa sauti ya chini, lakini nyumba ilikuwa ya mabati na kila neno lilipenya hadi jikoni alikokuwa mama yake Tinga, Kafedha. Walisema kaka yake Kafedha, marehemu Mramba, naye alipofuka ujanani. Walisema kwa kina Kafedha kuna kitu, na kitu hicho kinapitia tumboni mwake. Baba mtu hakumtetea mkewe. Baada ya miezi kadhaa akahamia Rabai kwa mke mwingine, akamwachia Kafedha watoto watatu: Tinga asiyeona, Kaviha, binti aliyekuwa kidato cha nne, na Faith mdogo.

Kaviha ndiye aliyekuwa akimshika Tinga mkono kumpeleka kliniki. Siku moja akamuuliza daktari, "Kwa nini?" Daktari akainua mabega. Kaviha akatoka pale na hasira ambayo haikumwisha. Aliingia nayo chuo kikuu, akasomea biolojia, akaenda nayo ng'ambo kwa shahada ya uzamifu, na akarudi nayo Mombasa, kwenye maabara ndogo ya utafiti kule Port Reitz, ambako sasa watu walimwita Daktari Kaviha.

Jibu la swali lake la kwanza alikwisha kulipata zamani, tena vitabuni. Ndani ya kila seli ya mwili mna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, vinavyotumia hewa tunayovuta kugeuza chakula kuwa nguvu. Jicho linakula nguvu nyingi, na mshipa wa jicho hauvumilii njaa. Mitokondria hizo mtoto huzipata kwa mama yake tu. Za baba hazifiki. Katika familia ya Kafedha zilikuwa na kasoro ndogo ya kurithi. Alipojipima mwenyewe akaikuta. Alipompima Tinga akaikuta.

Swali la pili ndilo lililomkosesha raha, na lilimjia Kisauni, kwenye kibanda cha mjomba wake Chengo, fundi cherehani wa Barabara ya Malindi. Chengo alikuwa mdogo wake Kafedha, tumbo moja. Siku hiyo Kaviha alimpelekea sare ya kushona. Mzee alivaa miwani yake ya kununua mtaani, akatunga uzi kwenye sindano mara moja tu, huku akimsimulia habari za kanisani. Kaviha akasahau kumjibu.

"Mjomba, macho hayajakusumbua kamwe?"

"Yanisumbue kwa nini? Uzee tu huu."

"Hata ujanani?"

"Ujanani nilikuwa nikimwona kunguru juu ya mnazi nikajua ni dume au jike." Akacheka, kisha akaona mpwa wake hacheki. "Kuna nini, mwanangu?"

Chengo na Mramba walinyonya ziwa moja. Kasoro aliyokuwa nayo Mramba, Chengo lazima alikuwa nayo. Basi mbona mmoja alikufa kipofu na mwingine anashona magauni ya maharusi?

Kaviha alikuwa na wazo. Seli ina uwezo wa kujisimamia: ikiona nguvu hazitoshi, huweza kuagiza mitokondria zaidi zijengwe. Huenda seli za Chengo zilikuwa na mitokondria dhaifu kama za Mramba, ila ni nyingi mno, wingi ukafidia udhaifu. Ili ajue, alihitaji vipande vidogo vya ngozi, akuze seli ndani ya visahani, azihesabie mitokondria na kuzipima pumzi.

Mkuu wa maabara, Profesa Gershom, alimsikiliza hadi mwisho.

"Ni wazo zuri," alisema. "Lakini ni familia moja, tena yako. Watasema umeona ulichotaka kuona."

"Ndiyo maana nataka mtu mwingine awaeleze na kupokea idhini yao, na azifiche alama za visahani. Mimi nihesabu bila kujua ni za nani."

Gershom alimpa muda hadi mwisho wa mwaka. Kazi ya kuvitia visahani alama za rangi ilimwangukia Lynnette, fundi wa maabara aliyetoka Kakamega, msichana asiyependa maneno mengi. Lynnette ndiye aliyekwenda Kisauni na Mikindani na daktari wa ngozi, akaeleza, akaulizwa, akaeleza tena. Chengo alitazama kile kipande kilichotoka mkononi mwake, kidogo kuliko punje ya mchele, akasema angejua ni hicho tu asingekosa usingizi.

Seli za kwanza zilikufa zote. Umeme ulikatika Jumamosi, jenereta ikagoma, kabati la joto la kukuzia seli likapoa. Za pili zilishambuliwa na kuvu. Kaviha alisimama mbele ya visahani vilivyoota manyoya ya kijivu, akavitupa kimoja kimoja kwenye pipa la takataka za maabara, kisha akachukua dawa na kitambaa akaanza kusugua kabati lile kutoka juu hadi chini. Lynnette akamkuta magotini.

"Daktari, si tungojee wa usafi?"

"Hapana. Leta kitambaa kingine."

Wakarudi kwa Chengo mara ya tatu. Kaviha hakuweza kumtazama usoni.

"Nyinyi mwanitengenezea shati kwa ngozi yangu?" mzee aliuliza. Halafu akakunja mkono wa kanzu yake ya kazini. "Kateni. Lakini safari hii muziangalie vyema hizo seli zangu, mie sina ngozi ya jora."

Safari ya tatu seli zikaota. Kaviha alizipaka rangi inayong'ara, akakaa kwenye hadubini, akahesabu, akarudia kuhesabu. Mwishowe akamwita Lynnette.

"Visahani vya buluu," alisema. "Mitokondria zake moja moja ni dhaifu, sawa na za vyekundu. Lakini ni karibu mara mbili. Kwa jumla seli zinapumua kama za mtu mzima wa afya. Vyekundu vinahema tu."

Lynnette akafungua droo yake, akatazama orodha ya alama, akafunga.

"Buluu ni Mzee Chengo. Nyekundu ni kaka yako."

Kaviha alikaa na mikono mapajani. Alikuwa amelitaka jibu hilo kwa miaka, na lilipokuja alichokiona ni Tinga, akipapasa ukuta wa sebule kutafuta mlango.

Hakuishia hapo. Alipitisha moshi wa sigara kwenye maji, akayachuja, akayadondosha kidogo sana kwenye seli za Chengo. Baada ya siku kadhaa zile seli zikaacha kujenga mitokondria mpya. Wingi wake ukapungua, pumzi ikashuka, zikaanza kufanana na za Tinga. Alirudia na kurudia, na kila mara ikawa hivyo. Ndipo akakumbuka jinsi Tinga alivyofanya kazi: ndani ya kontena lililofungwa nusu, moshi wa vyuma na rangi ukimzunguka, na sigara mapumzikoni. Hakuweza kuapa kwamba moshi ndio uliompofusha. Alichoweza kusema ni kwamba moshi huizuia seli isijitetee.

Wiki hiyohiyo Faith akapiga simu, sauti imejaa furaha. Mwanawe Gedion, aliyetimiza miaka kumi na tisa, alikuwa amepata nafasi katika yadi ya kutengeneza makontena upande wa Kipevu. Ataanza kujifunza kuchomelea.

Kaviha alikwenda kwa mdogo wake jioni ile. Faith aliishi karibu na uwanja wa ndege, alikofanya kazi ya usafi, na mumewe Wafula alikuwa dereva wa lori. Gedion hakuwepo, shati lake lilikuwa limeanikwa kwenye kiti, nalo lilinuka sigara.

"Asiende," Kaviha alisema, na akaeleza.

Faith alisikiliza akikunja nguo. Alipomaliza kuzikunja akazikunjua, akaanza upya.

"Unajua kwamba atapofuka?"

"Sijui. Huenda asipofuke maisha yake yote. Najua kasoro anayo, kwa kuwa ni mwanao. Na najua moshi ni mbaya kwa mwenye kasoro hiyo."

"Basi hujui lolote. Unataka kumtia mtoto hofu kwa jambo usilolijua." Faith akamtazama. "Na Wafula je? Watu wake wa Bungoma wakisikia? Baba alituacha kwa neno hilohilo, Kaviha. Tumboni mwa mama kuna kitu. Sasa wewe umesoma mpaka ukazunguka dunia, umerudi kusema vilevile, tumboni mwangu mna kitu!"

"Si vilevile."

"Tofauti iko wapi?"

Kaviha alikuwa na jibu la darasani, akaona halitoshi. Akasema, "Gedion ni mtu mzima. Lazima aambiwe. Lakini sitamwambia nyuma yako. Jumapili tukitoka kanisani nitakuwa kwa mama. Njoo naye. Njoo na Wafula. Kama hutaki niseme, utanikataza mbele yao."

"Na nikikukataza?"

"Nitasema."

Faith akafungua mlango, akausimamia mpaka dada yake alipotoka.

Jumapili walikuja wote. Kaviha aliona lori la Wafula nje akashusha pumzi. Kafedha alikuwa ameandaa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Aliona nyuso za watu, akaelewa kwamba chakula kitangoja. Tinga alikaa kwenye kiti chake karibu na redio, akaizima.

Kaviha alisimama, kisha akaona kusimama kunafanana na kuhutubia, akakaa chini mkekani karibu na miguu ya mama yake. Akaeleza yote kwa lugha ya nyumbani: vijumba vya nguvu, kasoro, mjomba Chengo, moshi. Aliitaja kasoro kuwa ya kuukeni, kwamba mtoto huirithi kwa mama yake, na wanaume wanaweza kuugua lakini hawaipitishi. Hakuna mwenye kosa, alisema, na hakuna aliyeirusha kwa uchawi. Ni kama umbo la pua.

Alikuwa amejiandaa kwa hasira ya Faith na kwa maswali ya Gedion. Hakuwa amejiandaa kwa sauti ya mama yake.

"Kwa hiyo ni kweli," Kafedha alisema.

"Nini, mama?"

"Walichosema siku ile. Nimeomba Mungu miaka yote kiwe ni uongo. Nawe ndiye wa kuja kunithibitishia." Hakulia. Alitazama mikono yake. "Nilimpofusha mwanangu."

"Mama, hapana, sikusema..."

"Umesema imetoka kwangu. Imetoka kwangu au haikutoka?"

Kaviha akamshika mama yake goti.

"Imetoka kwako," akasema.

Kafedha akainuka, akaenda jikoni. Walisikia sufuria ikifunikwa, ikifunuliwa, ikifunikwa tena. Faith akamgeukia dada yake, macho mekundu. "Umeona sasa?"

Tinga ndiye aliyeinua sauti, akielekeza uso jikoni.

"Mama! Hili domo langu lisilonyamaza nimelirithi kwa nani?"

Sufuria ikafunikwa.

"Na miguu hii? Baba alikuwa na miguu kama fito. Mama, nakuuliza."

"Kwangu," ilisikika kutoka jikoni.

"Mbona hujaniomba radhi kwa ajili ya miguu?" Sauti yake ikapungua. "Mie nilifikiri ni mimi. Siku ile yadini nilivua miwani nikautazama moto. Miaka yote hii nimejiambia, Tinga, ungelivaa miwani. Leo naambiwa si miwani. Nyinyi huzunikeni mkitaka, mie mmenitua mzigo."

Hakuna aliyejua jambo hilo. Hata Kaviha, aliyemshika mkono kwenda kliniki, hakuwahi kumuuliza kama anajilaumu.

Wafula alikohoa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata sasa aliyatoa kama mtu anayerudisha lori nyuma kwenye uchochoro.

"Faith, mimi nilikuoa Tinga akiwa haoni. Nilijua na marehemu mjomba wenu alikuwa hivyo. Mama alinieleza mwenyewe kabla ya harusi. Ulidhani nilisahau?"

"Mama alikwambia?" Faith aliuliza.

"Alisema ni haki yangu kujua. Nikafikiri, nikaona bado nakutaka."

Faith akafunika uso kwa leso. Gedion, ambaye wakati wote huo alikuwa ameinama, akasema, "Mama mkubwa, sasa mimi nifanye nini? Nikae tu nyumbani nikingoja?"

"Hapana."

"Kazi nyingine iko wapi? Pale Kipevu tulijipanga foleni vijana wangapi! Wamenichukua mimi. Nikisema sitaki, kesho yuko mwingine."

"Najua. Sina kazi ya kukupa, Gedion. Na siwezi kukuahidi kwamba ukiacha moshi utaona mpaka uzeeni. Nakwambia ninalolijua. Sigara iache leo. Ile kazi, amua mwenyewe."

"Hiyo si haki," kijana alisema.

"Si haki, hata kidogo."

Akatoka nje, mlango ukapiga. Baba yake akaondoka kumfuata, akakaa naye kwenye ngazi za lori.

Kafedha alirudi kutoka jikoni akijifuta mikono kwa khanga. Alisimama mbele ya Kaviha na uso wa mtu aliyekuwa akipiga hesabu.

"Umepima ngozi ya Chengo. Na ya Tinga. Na yako."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nina umri mkubwa kuliko Chengo, na hiyo kasoro ninayo. Nimevuta moshi wa kuni tangu utotoni. Mbona mimi naona?"

Kaviha alimtazama. Kwa miezi yote ile alikuwa amemwacha mama yake nje ya utafiti kwa sababu ya kumwonea huruma, na hakuwahi kujiuliza swali hilo lililokuwa wazi kuliko yote.

"Sijui," alisema.

"Basi mwambie yule msichana wa Kakamega aje anikate. Kama imetoka kwangu, nataka kuijua." Akageuka. "Na muinuke mle. Samaki anapoa."

Lynnette alikwenda Mikindani wiki iliyofuata, akarudi na kipande cha ngozi ya Kafedha, na majibu yake yakangoja seli ziote. Gedion hakwenda kuanza kazi ya kuchomelea. Alimwomba msimamizi wa yadi kazi nyingine, akakataliwa, na nafasi ikachukuliwa. Kwa muda mrefu hakumwamkia Kaviha. Walipokutana kanisani alipitia mlango wa pili. Sigara aliiacha, akairudia, akaiacha. Mwishoni mwa mwaka Wafula alimpatia kibarua cha kufunga makontena juu ya meli, kazi ngumu ya kupandapanda, yenye upepo wa kutosha. Siku ya malipo yake ya kwanza alimtumia mama mkubwa wake ujumbe mfupi wa simu: "Shikamoo. Naona vizuri." Kaviha aliusoma mara nyingi.

Makala yake ya kwanza jarida liliikataa. Walisema matokeo yanavutia, lakini familia ni moja. Gershom alimletea jibu hilo mwenyewe, akavuta kiti.

"Nilikwambia," alisema kwa upole.

"Ulinambia. Nitatafuta familia nyingine."

"Zitapatikana wapi? Watu huficha mambo haya."

"Najua wanavyoficha. Nimelelewa humo."

Walipata fununu ya familia moja Likoni, ndugu wawili waliopoteza macho wakiwa vijana, na dada yao mwenye watoto. Mara mbili Kaviha na Lynnette walivuka kwa feri kwenda kwao, na mara zote mbili mama wa ndugu hao, Bi Roseline, aliwaambia mlangoni kwamba wamekosea njia. Kaviha alipomsimulia mama yake, Kafedha aliuliza ni lini watakwenda tena.

"Jumamosi. Lakini mama, jua ni kali, na kule kuna mwendo."

"Sikukuuliza habari za jua."

Jumamosi walikwenda watatu. Kafedha alivaa gauni lake la kanisani. Mlango ulifunguliwa nusu, na uso uleule ukachungulia. Kaviha akaanza, "Hujambo, Bi Roseline, tumerudi kuhusu..." Mama yake akamgusa mkono, akasogea mbele.

"Hodi, dada. Mie naitwa Kafedha, natoka Mikindani. Huyu ni binti yangu, ni daktari, ana maneno mengi ya maana na utayasikia baadaye ukitaka. Kaka yangu alipofuka. Mwanangu wa kiume alipofuka. Mume wangu aliniacha kwa ajili hiyo. Sikuja kukuuliza kitu. Nimekuja tukae."

Yule mwanamke alimtazama, akawatazama wale wawili nyuma yake. Mkono wake ukaacha komeo.

"Una mtoto mmoja tu aliyepatwa?" aliuliza.

"Mmoja."

"Mimi wawili," Bi Roseline alisema, akaufungua mlango wote.